Wagonjwa Ndani ya Boksi la Makalanga

Ilikuwapo nchi moja, na ukiona inafanana na yenu, lawama peleka kwa macho yako. Jina lake silitaji, maana huko kutaja majina ni kazi ya Wizara, na mimi kibali sina.

Nchi hiyo ilikuwa na wizara kumi na tisa. Wizara ya Maji ilikuwa na chumba kimoja na ndoo. Wizara ya Majina na Heshima ilikuwa na ghorofa saba na lifti inayofanya kazi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila kitu cha maana kinaitwa kwa jina la kiongozi wetu, Mtukufu Makalanga. Katika mji wetu peke yake tulikuwa na Barabara ya Makalanga kumi na nne. Tulikuwa na Soko la Makalanga, Wodi ya Wazazi ya Makalanga, na Kisima cha Makalanga ambacho kilikuwa kirefu sana na hakina maji. Watu wa posta walipeleka barua kwa kubahatisha. Jirani yangu alipokea barua za mapenzi za mtu mwingine kwa miaka minane, mwisho akaanza kuzijibu.

Sheria ya Majina ilikuwa fupi, hata mimi wa darasa la nne niliielewa. Kwanza, jina la Mtukufu haliongezwi wala halipunguzwi kitu. Pili, kitu kikishapewa jina hilo hakivuliwi. Daraja la Makalanga lilianguka mtoni pamoja na lori la saruji, miaka sita sasa. Limo kwenye ramani mpaka leo. Askari wawili wanalilinda, mmoja kila ng'ambo, na kila asubuhi wanapigiana saluti juu ya maji.

Mimi nilikuwa mhudumu katika Idara ya Kompyuta ya Taifa. Nafagia, nachemsha chai, napeleka barua. Mke wangu, Mwanamvua, mama yake Shukuru, alikuwa na ugonjwa wa moyo. Kuna mlango ndani ya moyo, daktari alisema, na wa kwake ulikuwa haufungi sawasawa. Akipanda ngazi tatu anakaa chini kama aliyebeba gunia. Hospitali Kuu ilipasua wagonjwa sita wa moyo kila mwezi. Orodha ya hao sita ilitoka kwenye kompyuta yetu kila Jumatatu ya kwanza, aliyezidiwa akiwa juu. Mwezi ule wa Mei watu sita walishaitwa, na katika waliobaki Mwanamvua alikuwa namba nne. Maana yake Juni wangemwita. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni, sijavua hata viatu.

"Namba nne kutoka wapi, Baba Shukuru?" akauliza. "Isije ikawa kutoka chini."

"Kutoka juu."

"Basi niache nipike, nisije nikafa kwa furaha kabla ya Juni."

*

Aliyeiendesha ile kompyuta kwa kweli alikuwa Dada Zamda. Mkurugenzi, Bwana Malugu, alikuwa na kiti kikubwa na kalamu tatu mfukoni, lakini kompyuta akiigusa alikuwa anaigusa kuonyesha wageni. Zamda aliizungumzisha mashine kwa lugha inayoitwa R. Herufi moja tu. Nilimuuliza kama herufi nyingine zimechukuliwa na matajiri, akacheka mpaka chai ikamwagika.

Siku moja nilimkuta anatafuna kalamu, anatazama kioo.

"Unafikiri nini, mwanangu?"

"Jina, Mzee Chande. Natafuta jina la boksi."

Akanieleza, na namshukuru kwa kuwa alinieleza kama mtu anayemweleza mtu. Ndani ya mashine kuna maboksi. Nje ya boksi unaandika jina, ndani unaweka kitu: idadi ya watu, mvua ya mwaka, orodha ya wagonjwa. Kuna mshale mdogo unaosukuma kitu kiingie. Jina haliwezi kuanza na tarakimu, haliwezi kuwa na nafasi katikati, na herufi kubwa na ndogo mashine inazihesabu kuwa vitu viwili.

"Kuna maneno mashine imejiwekea yenyewe," akasema. "Ukiyatumia inakukatalia hapo hapo kwa ukali. Hayo hayanitishi. Yanayonitisha ni yale ambayo inayatumia lakini haikukatazi. Unaliita boksi kwa jina lililokwisha kutumika, mashine inasema sawa bosi, inanyamaza. Haipigi kelele. Haitoi hata kengele."

"Kama karani wa wilaya."

"Kama karani wa wilaya. Mkurugenzi aliyepita, Bwana Theonesti, alitaka boksi lenye herufi yake. T, moja tu, yeye alikuwa mnyenyekevu. Ndani akaweka idadi ya makosa yake tangu aajiriwe. Sifuri. Sasa, Mzee, kwenye lugha hii T watu wanaiandika kwa mkato badala ya TRUE, yaani kweli. Na sifuri mashine inaisoma uongo. Miezi mitatu kila tulichosema ni kweli, mashine iliandika uongo."

"Nani aligundua?"

"Hakuna. Ripoti zilisomeka vilevile."

Jina salama, akasema Zamda, ni lile ambalo hakuna mwingine analo, na ukilisoma mwaka kesho bado unajua ndani kuna nini. Akanionyesha boksi ambalo mke wangu alikuwa ndani yake. Nje lilikuwa limeandikwa wagonjwa_wa_moyo, herufi ndogo zote, na vistari vya chini badala ya nafasi. Nililisoma mwenyewe bila kusaidiwa. Nikasema hilo ni jina zuri. Lilikuwa jina la kwanza zuri nililoliona katika ofisi ya serikali.

*

Wiki hiyo hiyo ukaja ukaguzi. Waziri wa Majina, Mheshimiwa Gervas Tandika, alikuja na watu ishirini na mmoja, wakiwamo mpiga picha na mtu wa kumshikia koti. Akasimama mbele ya kompyuta akaomba asomewe majina ya maboksi yote. Zamda akayasoma, mia mbili na kumi na nne. Mvua ya mwaka. Watoto waliochanjwa. Ng'ombe wa maonyesho. Wagonjwa wa moyo. Alipomaliza, nilisikia birika langu linachemka chumba cha pili.

"Maboksi mia mbili na kumi na nne," Mheshimiwa akasema taratibu, "ndani ya mashine iliyonunuliwa na Mtukufu, ikala umeme wa Mtukufu, ikapulizwa na feni ya Mtukufu. Na halimo hata moja lenye jina la Mtukufu! Nimetembea nchi hii. Nimeona vyoo vyenye uzalendo kuliko mashine hii!"

Watu ishirini wakapiga makofi. Wa ishirini na moja alikuwa ameshika koti.

"Mkurugenzi! Kuanzia leo kila orodha muhimu iwekwe kwenye boksi liitwalo Makalanga."

"Tayari, Mheshimiwa," akasema Bwana Malugu. "Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Zamda akainua mkono kama mtoto wa shule. "Mheshimiwa, maboksi mawili hayawezi kuwa na jina moja."

"Barabara kumi na nne zina jina moja, binti. Ipi imefuta mwenzake?"

"Barabara zimekaa mbalimbali, Mheshimiwa. Hapa ukilitaja jina, mashine inakupa kimoja tu, kingine hukioni. Labda tuseme Makalanga1, Makalanga2..."

"Nani huyo Makalanga wa pili?" Mheshimiwa akauliza kwa sauti ndogo, na watu wakaanza kusogea mbali na Zamda.

"Au Makalanga_wagonjwa."

"Mtukufu ni mgonjwa?"

"Hapana! Basi makalanga kwa herufi ndogo."

Bwana Malugu akajishika kichwa. Mheshimiwa akamgeukia katibu wake: "Andika. Herufi ndogo. Andika hivyo hivyo alivyosema."

Ndivyo mtu aliyejua alivyoshindwa na watu ishirini na moja wasiojua, na ilichukua dakika nne, najua kwa sababu nilikuwa naangalia saa ya ukutani nikihofia chai ipoe.

Orodha ya kwanza kupewa heshima ilikuwa ya wagonjwa wa moyo, kwa kuwa Mganga Mkuu wa Hospitali aliwahi kuomba kabla ya wengine. Pakafanyika sherehe. Utepe ulifungwa kuzunguka kompyuta, Mheshimiwa akaukata, boksi likaitwa Makalanga, na jina la zamani likafutwa kwenye makaratasi yote. Programu ya Hospitali ikapigwa muhuri kwamba itaita jina hilo na si jingine. Zamda aliliweka boksi lile ndani kabisa, kwenye ghala la mashine, akasema huko angalau hakuna mtu wa kulifikia. Mimi, mjinga wa darasa la nne, nilirudi nyumbani nikimwambia mke wangu kwamba sasa yumo ndani ya jina la Mtukufu.

"Kuna nafasi ya kupumua humo?" akauliza.

*

Basi Idara ya Mifugo wakaona wivu. Maonyesho ya siku ya kuzaliwa ya Mtukufu yalikuwa karibu, na wao walikuwa na madume ya ng'ombe arobaini yaliyonenepeshwa kwa kazi hiyo. Kama wagonjwa wa moyo wamepata jina, wakasema, madume wamekosa nini? Wamekosa afya? Wakaja na barua yenye muhuri. Bwana Malugu hakungoja Zamda arudi kutoka kula. Akakaa mwenyewe, kwa kidole kimoja akaandika Makalanga, akachora mshale, akasukuma madume arobaini ndani. Mashine haikusema kitu. Akaniambia: "Umeona, Mzee? Kazi ya dakika mbili. Huyu msichana ananifanya nionekane sijui."

Jumatatu ya kwanza ya Juni orodha ikatoka Hospitali. Juu kabisa, kwa wino mweusi: Makalanga. Chini yake: Kongoro, kilo mia sita na kumi na mbili. Simbamwene, kilo mia tano tisini na nane. Na wengine wanne.

Nilimpeleka Mwanamvua siku hiyo asubuhi, amevaa kanga mpya, amebeba sufuria na sahani zake kwenye mfuko. Tukakaa benchi la korido. Saa nne lori likarudi nyuma mpaka mlango wa wodi, na Kongoro akashuka. Alikuwa dume zuri, siwezi kumsingizia. Manesi wawili wakampokea, mmoja akamvalisha utepe wa namba mguuni.

Nikamfuata matroni, Bi Felista. "Mama, huyu ni ng'ombe."

"Naona, kaka yangu. Sijapofuka."

"Mke wangu ndiye anaitwa leo. Namba nne."

Akanionyesha karatasi, kidole juu ya neno la kwanza. "Soma hapo. Orodha ina jina la nani? Sasa mimi Felista, mtoto wa mpika maandazi, niseme orodha yenye jina hilo imekosea? Nina watoto watano."

Daktari mpasuaji akaja, akaweka kipimo chake kwenye ubavu wa Kongoro, akasikiliza muda mrefu. "Moyo wake mzima kuliko wangu," akasema.

"Orodha inasema ni mgonjwa," akajibu Mganga Mkuu.

"Basi ni mgonjwa anayeendelea vizuri sana."

Wakawapasua wote sita. Hawakukuta cha kutengeneza, wakawashona. Redio ilitangaza jioni ile kwamba kwa mara ya kwanza katika historia ya Hospitali Kuu, kati ya wagonjwa wote wa mwezi hakuna aliyefia mezani.

Mwanamvua alikuwa ametazama yote kutoka kwenye benchi. Wakati wa kuondoka nilimshika mkono, na kila hatua kumi tulisimama.

"Baba Shukuru," akasema, "mimi sina kinyongo na yule dume. Hata yeye hakuomba."

Akapumua kidogo.

"Ila kitanda alikojolea."

*

Zamda alilia niliposimulia. Akakimbilia mashine, akatafuta, kisha akapiga meza. "Wapo! Mzee, wagonjwa wapo!"

Akanieleza. Ukiitajia mashine jina, inatazama mezani pake kwanza, yaani pale inapofanyia kazi. Ikilikuta mezani haihangaiki kwenda ghalani. Bwana Malugu aliweka madume mezani. Wagonjwa walikuwa bado ghalani, wote thelathini na mmoja, hawajaguswa, ila wamesimamiwa na ng'ombe mbele. Madume yakiondolewa mezani, mashine itaingia ndani na kuwaleta wagonjwa.

"Kuyaondoa ni kazi kubwa?"

"Herufi mbili na jina. Nukta moja ya muda."

"Basi ondoa, mwanangu."

Akanitazama. Nikakumbuka sheria. Kitu kikishapewa jina hakivuliwi. Daraja lenyewe halikuvuliwa, na lilikuwa halipo.

Akaandika barua ya kuomba kibali, mimi nikaipeleka. Bwana Malugu aliisoma akiwa ameweka mikono mgongoni, isije ikasemekana aliigusa. Akasema hana pingamizi Wizara ikikubali. Wizara ghorofa ya kwanza walisema ni suala la ghorofa ya tatu. Ya tatu wakaniuliza maboksi ni ya mbao au ya bati, kwa sababu fomu ni tofauti. Nikasema hayaonekani. Wakanipa fomu ya vitu visivyoonekana, ambayo kabla yangu ilijazwa na mashehe na wachungaji tu. Ghorofa ya saba nikamkuta katibu wa Mheshimiwa Tandika.

"Kamati ya Kuvua Majina ipo," akasema. "Inakutana kila baada ya miaka mitatu."

"Lini tena?"

"Haijawahi kukutana, kwa hiyo miaka haijaanza kuhesabiwa."

"Ndugu, mke wangu anakufa."

Alikuwa kijana mwenye adabu. Akasimama. "Pole sana, Mzee. Kwani anakufa kwa sababu ya jina la Mtukufu?"

Kulikuwa na watu wawili pale mlangoni, wananisikiliza. Nikasema hapana. Ndiyo, nilisema hapana. Nikashuka ghorofa saba kwa miguu, kwa kuwa lifti ilikuwa ya kupandia tu.

*

Ijumaa ya mwisho ya Juni, mchana, ofisi nzima ilikwenda kusimama barabarani kupungia msafara wa Mtukufu. Tulibaki watatu: Zamda, mimi na ufagio. Akaniita nisimame nyuma ya kiti chake.

"Mama Shukuru anaendeleaje?"

"Jana hakuweza kukaa. Tumemwegemeza kwa mito."

Akaandika rm, akafungua mabano, akaandika Makalanga, akafunga mabano. Akabonyeza. Kisha akaliita lile jina tena, na wakaja. Wakajaa kioo kizima, watu, majina ya watu. Nikahesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Mwanamvua binti Sefu, miaka hamsini na mbili, namba nne.

"Chapa," nikamwambia. "Chapa niikimbize."

Printa ikaanza kunguruma, ikavuta karatasi. Hapo ndipo Bwana Malugu alipoingia, amesahau kibendera chake. Akatazama kioo. Herufi alikuwa anazijua, sikatai. Akaruka juu ya ufagio wangu, akachomoa waya wa printa ukutani. Karatasi ikatoka nusu. Ilikuwa na neno moja: Makalanga.

Polisi walikuja saa hiyo hiyo. Sijawahi kuona polisi wanakuja saa hiyo hiyo. Zamda aliinuka mwenyewe, akaweka vikombe vyake vya chai pamoja ili nisihangaike kuvikusanya, akaniambia, "Mzee, kioo kisizimwe." Akaondoka nao. Mashine ikawa kielelezo cha kesi. Amri ikatoka isizimwe, isiguswe, isichapishe kitu, kwa kuwa kuchapisha ni kuharibu ushahidi. Mlango ukafungwa kwa lakiri nyekundu, askari akawekwa. Mlango ulikuwa na kidirisha cha kioo, na kupitia hapo ungeweza kusoma orodha yote, safi kabisa.

Nilikwenda Hospitali nikawaambia orodha imerudi, nimeiona. Bi Felista akauliza karatasi iko wapi. Nikasema haipo, njooni muisome dirishani. Alikuja, Mungu amweke, kwa miguu yake baada ya kazi, akasimama kwenye korido akaisoma yote huku midomo inacheza. Kisha akasema, "Ni kweli, yumo." Akaniomba radhi, akarudi kwa watoto wake watano.

Jioni nikirudi nyumbani, Mwanamvua alikuwa ananiuliza kabla sijakaa.

"Bado nipo?"

"Upo. Namba nne."

"Hawajanisogeza?"

"Hawawezi kukusogeza. Kuna askari."

Alicheka siku mbili za kwanza. Siku ya tisa aliuliza kwa macho tu. Nikamjibu. Siku ya kumi, Jumapili, saa tano asubuhi, alifariki, Shukuru akiwa amekwenda kuchota maji.

*

Kesi ya Zamda ilikuwa fupi. Alipewa miaka tisa kwa kuvua jina. Mheshimiwa Tandika alitoa ushahidi kwa saa mbili na nusu, akalia mara mbili. Bwana Malugu alipandishwa cheo kwa kuchomoa waya. Mimi hawakuniita, karani aliniandika kwenye orodha ya vifaa vilivyokuwamo chumbani, baada ya meza.

Kabla ya hukumu, hakimu alitaka kwenda kuiona mashine kwa macho yake. Ikaonekana kioo kimeingia vumbi, na hakimu hawezi kutazama vumbi. Wakavunja lakiri, wakaniita na kitambaa. Askari wa zamu, mgeni, kijana wa mkoa mwingine, akasimama karibu yangu kuhakikisha sigusi vitufe.

"Futa vizuri, Mzee. Anataka kusoma kila jina."

Nikafuta kuanzia juu. Namba moja. Namba mbili. Namba tatu. Nilipofika hapo mkono ukasimama, na nadhani ulisimama muda mrefu, kwa sababu yule kijana aliinama akasoma.

"Binti Sefu. Unamjua?"

"Mke wangu."

"Namba nne!" akasema, na uso wake ukachangamka kweli, hakuwa mtu mbaya. "Basi hongera, Mzee. Si wanachukua sita?"

Nikamwambia wanachukua sita. Nikamwambia asante. Nikaendelea na namba tano.